Sura ya Nne: Paa Kwanza, Kiyoyozi Baadaye

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo kutafuta kiyoyozi, muuzaji atakuuliza chumba chako kina ukubwa gani. Ukimjibu mita nne kwa nne, atakuonyesha mashine ya BTU 12,000, mtapatana bei, na mambo yamekwisha. Ni nadra akuulize swali lililopaswa kutangulia: juu ya chumba hicho kuna nini? Bati tupu? Bati lenye dari? Slabu ya zege inayopigwa jua kutwa? Au kuna ghorofa nyingine wanamoishi watu? Vyumba vinne vya ukubwa mmoja, kila kimoja chini ya paa la namna yake, vinaweza kuhitaji mashine tofauti, na kimoja kati yake kikawa hakihitaji mashine kabisa.

Sura hii ina hoja moja. Katika nyumba ya pwani, shilingi ya kwanza ya kutafuta ubaridi iende kwenye paa na vivuli, ya pili kwenye upepo, na itakayobaki ndiyo inunue mashine. Wengi wetu tunaanza na mashine, kisha tunalipia umeme wa Luku kila mwezi kupambana na joto ambalo tumeliruhusu wenyewe kuingia. Kulielewa jambo hili hakuhitaji maabara. Kunahitaji namba chache na penseli.

Njia tatu za joto

Joto ni nishati, na tabia yake ya msingi ni kuhama kutoka penye joto zaidi kwenda penye joto pungufu, bila kusukumwa na mtu. Chumba hupoa pale tu joto lililomo linapotoka kwa kasi kuliko linavyoingia. Basi mwenye nyumba ana maswali mawili: joto linaingia kwa njia gani, na litatokaje?

Njia ya kwanza ni kupenya ndani ya vitu. Shika kijiko cha chuma kilichozama kwenye uji wa moto na utaijua njia hiyo. Vitu hutofautiana sana hapa: chuma hupitisha joto takriban mara elfu mbili kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo maana karibu kila kitu kizuri cha kuzuia joto, liwe godoro la sponji, blanketi la sufu au makuti, ni hewa iliyonaswa ndani ya vijishimo vidogo isiweze kutembea.

Njia ya pili ni kubebwa. Hewa au maji yakipata joto huwa mepesi, hupanda, na huondoka na joto lake. Moshi wa jiko hupanda kwa sababu hiyo, na hewa ya moto hukusanyika chini ya dari kwa sababu hiyohiyo.

Njia ya tatu ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo bwana mkubwa katika nyumba za kwetu: mnururisho. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi isiyoonekana, na mionzi hiyo huvuka hewa bila kuipasha. Jua linatufikia hivyo kutoka umbali wa kilomita milioni 150. Ukisimama karibu na tanuri la kuchomea matofali, uso wako huungua ingawa hewa kati yako na tanuri haijawa ya moto kiasi hicho. Mionzi hii huongezeka haraka mno joto linapopanda, kwa sababu hufuata kipeo cha nne cha joto lililopimwa kwa skeli ya Kelvin. Kwa hiyo kitu kilichozidi jirani zake kwa nyuzi 30 tu kinaweza kuwamiminia nishati nyingi kuliko macho yanavyodhani.

Hesabu ya bati

Saa sita mchana, mbingu zikiwa wazi, kila mita ya mraba iliyolielekea jua hupokea takriban wati 1,000. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na hata katika miezi mingine adhuhuri halishuki sana. Kwetu, basi, sehemu ya nyumba inayopigwa jua kuliko zote ni paa. Paa la chumba chetu cha mita nne kwa nne hupokea kilowati 16 adhuhuri.

Bati lililozeeka na kushika kutu, au lililopakwa rangi nzito, humeza sehemu kubwa ya nishati hiyo na kufikia nyuzijoto 60 hadi 70. Bati lenyewe lina unene usiofika nusu milimita, kwa hiyo upande wa ndani una joto lilelile la upande wa nje. Sasa chukua penseli. Uso wenye nyuzijoto 65 hutoa mnururisho wa takriban wati 740 kwa kila mita ya mraba. Sakafu, kitanda na watu walioko chini, wenye nyuzijoto 32 hivi, hurudisha takriban wati 490. Tofauti ni wati 250. Punguza kidogo kwa sababu bati si mtoaji kamili wa mionzi, kisha zidisha kwa mita za mraba 16. Unapata kilowati 3.4.

Linganisha na mashine ya dukani. BTU 12,000 kwa saa ni kilowati 3.5. Kwa maneno mengine, bati tupu la chumba kimoja, adhuhuri ya Februari, linaweza kumaliza karibu nguvu yote ya kiyoyozi hicho kabla hujahesabu madirisha, kuta, jokofu, wala watu waliomo. Mashine itanguruma kutwa na chumba kitabaki vuguvugu. Mwenye nyumba atamlaumu fundi, fundi ataongeza gesi, na bati litaendelea na kazi yake.

Kuna tiba tatu za bati, na zote ni nafuu kuliko mashine. Ya kwanza ni rangi nyeupe. Rangi nzuri nyeupe ikiwa bado mpya hurudisha angani karibu asilimia 80 ya nuru ya jua, na bati badala ya kufika 65 linaweza kubaki nyuzi kumi hivi juu ya hewa ya nje. Vumbi na ukungu huipunguza nguvu, hivyo inahitaji kuoshwa na kupakwa upya kila baada ya miaka michache.

Ya pili ni karatasi ya fedha inayotandikwa chini ya bati, juu ya kenchi. Alumini hupitisha joto vizuri sana kwa kugusana, lakini uso wake unaong'aa hutoa mionzi kidogo mno, karibu asilimia 5 ya ile ambayo uso mweusi ungetoa. Masharti yake ni mawili. Lazima iwe na nafasi ya hewa upande unaong'aa, kwa maana ikibanwa katikati ya vitu viwili joto litapenya kwa kugusana. Na kama inang'aa upande mmoja tu, upande huo uelekee chini, vumbi lisije likatua juu yake na kuufifisha. Ikifungwa hivyo, mnururisho wa wati 250 kwa mita hushuka hadi chini ya 20.

Ya tatu ni dari yenye nafasi ya hewa juu yake, na matundu chini ya feshabodi na karibu na kipeo cha paa ili hewa ya moto iliyonaswa juu ya dari itoke yenyewe kwa kupanda. Ukiweza kutandaza juu ya dari kitu chenye hewa iliyonaswa, kama sufi ya kioo au sponji ngumu, umekamilisha kazi.

Wazee wetu wa pwani walipata kinga ya namna hiyo kwa makuti. Tabaka nene la makuti limejaa hewa iliyotulia, halina uzito wa kuhifadhi joto, na linapumua. Watu waliliacha kwa sababu zenye uzito: linashika moto, linahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na haliwezi kukingia maji safi ya mvua. Bati lilishinda kwa haki. Kosa lilikuwa kudhani kwamba bati peke yake ni paa zima.

Kuta zinazochelewa

Ukuta hupitisha joto kwa kuchelewa. Jua likiupiga upande wa nje, wimbi la joto huanza safari ya kwenda ndani, likipungua nguvu kila sentimita. Katika ukuta wa tofali za saruji za inchi 6, safari hiyo huchukua kama saa nne. Ukuta unaotazama magharibi hupata jua kali saa kumi alasiri. Hesabu saa nne mbele na utafika saa mbili usiku. Hii ndiyo sababu watu wengi wa Dar es Salaam na Mombasa hulala katika vyumba vyenye joto kuliko uani, ilhali jua limeshazama zamani. Wakati wa kulala ukuta unamalizia mchana wake.

Katika kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambazo mara nyingi huwa nene kwa nusu mita au zaidi, wimbi la kutwa moja karibu hufia njiani. Uso wa ndani hauhisi adhuhuri wala usiku wa manane. Hukaa kwenye wastani wa siku. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuwa ndefu vya kutosha kuvuka nafasi kubwa, lakini dari zake ziko juu na vichochoro vya nje ni vyembamba kiasi kwamba nyumba moja huifunika nyingine kwa kivuli. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilitumia njia nyingine: varanda pana zilizoizunguka kila ghorofa, hata jua lisiuguse ukuta wenyewe.

Ukuta mnene una mpaka wake. Hutoa wastani wa siku, na wastani wa Februari pwani ni kama nyuzijoto 28 au 29, kwa sababu usiku hapa haushuki sana. Ukuta huo huwa hodari zaidi mahali ambapo usiku ni wa baridi. Huko Harare, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, jengo la Eastgate lililobuniwa na msanifu Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996 hupitisha hewa baridi ya usiku ndani ya zege lake zito, na mchana zege hilo hupokea joto la watu na kompyuta bila viyoyozi vya kawaida. Dodoma, Arusha na Nairobi zingeweza kufuata njia hiyo. Dar es Salaam haiwezi kuiga yote. Kwake dawa kubwa ni kivuli na upepo.

Jua na pepo mbili

Mtu wa pwani anayejenga ana bahati ambayo ramani nyingi za nyumba zinaipoteza. Jua la asubuhi na la alasiri huwa chini, hivyo huzipiga kwa nguvu kuta za mashariki na magharibi, na hakuna upenu wa kawaida unaoweza kulizuia. Kuta za kaskazini na kusini hupata jua la juu, ambalo upenu wa kadiri hulizuia kwa urahisi. Na upepo? Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, katika miezi ya joto hasa. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Nyumba ndefu iliyolala kutoka mashariki hadi magharibi, yenye madirisha makubwa kaskazini na kusini, hulikwepa jua baya na kuzipokea pepo zote mbili. Kiwanja kikikulazimisha kuwa na ukuta wa magharibi, weka huko stoo, choo au ngazi, au panda mwarobaini.

Upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja hupata mabadiliko madogo ya hewa hata kama nje miti inainama. Dirisha la alumini la kuteleza hufunguka nusu tu ya eneo lake, na wavu wa mbu hupunguza upepo tena. Dirisha la bawaba hufunguka lote. Anayechagua dirisha kwa sura anachagua pia kiasi cha hewa atakayovuta kwa miaka mingi.

Kioo nacho kina sheria yake. Nuru ya jua hupita kwenye kioo cha kawaida kwa zaidi ya asilimia 80, hutua sakafuni na kwenye viti, na kugeuka joto. Vitu hivyo hutoa mionzi ya aina ndefu, ambayo kioo hakiipitishi. Joto limeingia na haliwezi kurudi kwa njia liliyoijia. Kwa hiyo pazia la ndani linachelewa: linapolikamata jua, jua limeshaingia chumbani. Kivuli cha nje, kiwe upenu, luva au mti, hulizuia kabla halijakifikia kioo. Majengo ya ofisi yaliyofunikwa vioo kutoka chini hadi juu, yanayochipuka katika miji yetu, yamejengewa joto ndani yake tangu siku ya mchoro, na wanaoyatumia hulilipia maisha yote ya jengo.

Mwili, jasho na pangaboi

Tusisahau kwamba lengo ni mtu. Mtu aliyeketi hutoa takriban wati 100 za joto, na lazima zimtoke. Zikishindwa kutoka, atatweta na kukosa usingizi. Hutoka kwa njia tatu tulizozitaja, pamoja na ya nne: jasho. Kila lita ya jasho inayogeuka mvuke huondoa takriban uniti 0.67 ya nishati, kwa uniti ileile inayouzwa na Luku.

Mwili pia hauhisi hewa peke yake. Huhisi hewa pamoja na nyuso zinazouzunguka, kwa uzito unaokaribiana. Kipimajoto ukutani kinaweza kusema 30, lakini aliyeketi chini ya dari yenye nyuzi 45 anaishi katika joto jingine kabisa. Ndiyo maana kulipoza paa humpa mtu nafuu kubwa kuliko tarakimu ya kipimajoto inavyoonyesha.

Hapa pangaboi linaonyesha thamani yake. Halishushi joto la chumba hata kidogo. Mota yake huongeza wati chache. Kazi yake ni kuufagia mvuke uliotanda juu ya ngozi ili jasho jipya lipate nafasi ya kukauka. Upepo wa mita moja kwa sekunde humfanya mtu ajihisi kama hewa imeshuka kwa nyuzi tatu hivi. Pangaboi hutumia wati 60 au 70, wakati kiyoyozi cha BTU 12,000 kikifanya kazi mfululizo hutumia zaidi ya wati 1,000. Kwa usiku wa saa nane, la kwanza hula nusu uniti. Cha pili kinaweza kula uniti nane. Na kwa kuwa pangaboi hupoza watu, lizime unapotoka chumbani. Viti havitoi jasho.

Mashine inayopandisha joto

Zipo siku, na zipo sehemu, ambapo yote hayo hayatoshi: wodi ya hospitali, chumba cha dawa, chumba cha mtoto mchanga wakati wa kaskazi kavu. Hapo mashine inastahili, na ni vyema kuielewa.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huhamisha joto kutoka ndani kwenda nje, kinyume cha mwelekeo wake wa asili, kama pampu inavyopandisha maji kutoka kisimani hadi tangi la juu. Ndani ya mabomba yake mna kimiminika kinachochemka kwenye joto dogo. Kikichemka katika kitengo cha ndani, hunyonya joto la chumba. Kompresa huubana mvuke wake hadi uwe wa moto kuliko hewa ya nje, na katika kitengo cha nje mvuke huo huachia joto na kurudi kuwa kimiminika. Kisha hupita kwenye njia finyu, mgandamizo unashuka, na mzunguko unaanza upya.

Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824, alipochunguza injini za mvuke, kwamba mashine zote za namna hii zina kikomo kinachotokana na viwango viwili vya joto tu. Kadiri mwinuko kati ya baridi na moto unavyokuwa mdogo, ndivyo kazi ya kuhamisha inavyopungua. Bomba la ndani likiwa na nyuzijoto 10 na la nje 45, kikomo ni kuhamisha uniti 8 za joto kwa kila uniti moja ya umeme. La nje likipanda hadi 55, kikomo hushuka hadi 6 na kidogo. Mashine halisi za majumbani hupata kati ya 3 na 4, lakini hushuka kwa kanuni ileile.

Kutokana na kanuni hiyo moja tunapata ushauri mwingi wa nyumbani. Kitengo cha nje kikiwekwa juani, au kikifungiwa kwenye kona ambapo kinavuta tena hewa ya moto kilichoitoa, kinaupandia mlima mrefu zaidi. Mapezi yakijaa vumbi na chumvi ya bahari, hali ni hiyohiyo. Ukiweka rimoti kwenye 18 badala ya 26 wakati nje ni 32, tofauti inayolivuta joto kupitia kuta inapanda kutoka nyuzi 6 hadi 14, zaidi ya maradufu, na mlima wenyewe unakuwa mrefu. Katika mashine ya kawaida kuweka 18 hakuharakishi kupoza. Huchelewesha tu kuzimika kwake. Changanya 26 na pangaboi, na wengi watalala vizuri.

Kuna mzigo mwingine usioonekana kwenye kipimajoto: unyevu. Kiyoyozi cha kisasa kilizaliwa kwa ajili yake. Mwaka 1902 Mmarekani Willis Carrier alibuni mtambo kwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn ambako karatasi zilikuwa zikivimba na kusinyaa kwa unyevu wa hewa, hata rangi zikashindwa kukaa mahali pake. Kazi yake ilikuwa kukausha hewa. Kwetu pwani kazi hiyo ni kubwa. Kila lita ya maji inayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi ilikuwa mvuke ndani ya chumba, na kuugeuza maji kulihitaji kuondoa uniti 0.67 ya joto. Ndoo ya lita 10 iliyojaa chini ya bomba ni kama uniti mbili na ushei za umeme. Chumba chetu cha mita nne kwa nne, hewa yake ikibadilishwa mara moja kwa saa kupitia nyufa za mlango na luva, huingiza karibu nusu lita ya mvuke kila saa. Ziba nyufa kabla ya kuwasha. Na usinunue mashine kubwa mno: ile isiyoweza kubadili kasi hupoza hewa kwa dakika chache na kuzima kabla haijaikausha, ikakuachia chumba cha baridi na majimaji.

Kuhusu gesi, jambo moja liwekwe wazi: haitumiki ikaisha. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Mashine inayoongezwa gesi kila mwaka inavuja, na uvujaji huo hauishii kwenye mfuko wako. Kilo moja ya gesi ya R410A hupasha dunia joto kwa kipindi cha miaka mia moja kama takriban kilo 2,000 za kabonidayoksaidi; R32 kama kilo 675; propani, iitwayo R290, kama kilo chache tu. Ni kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, na tarehe 15 Oktoba 2016 yakapitisha marekebisho ya Mkataba wa Montreal yanayopunguza gesi hizo hatua kwa hatua. Mdai fundi autafute uvujaji na kuuziba kabla hajafungua mtungi.

Nyanda za juu

Msomaji wa Njombe, Makete au Limuru huenda anasoma haya akiwa amejifunika blanketi. Kwake joto linalokimbia ndilo tatizo, na fizikia ni ileile ikitazama upande wa pili. Usiku wa Juni mbingu zikiwa wazi, bati hutoa mnururisho kuelekea anga baridi, hadi likawa baridi kuliko hewa inayoligusa. Mvuke wa chumba hutua chini yake na kudondoka juu ya vitanda. Dari na karatasi ya fedha zinazomkinga mtu wa Temeke na jua ndizo zinazomhifadhia mtu wa Njombe joto lake. Dirisha la kaskazini lenye upenu wa kadiri humpa jua la Juni, ambalo kwake huegemea kaskazini, na kumkinga na la Desemba, ambalo huwa limehamia upande wa kusini.

Jiko la mkaa lisilale ndani na watu. Mkaa ukiungua kwa hewa haba hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Familia nzima huweza kulala na isiamke. Dari hugharimu kidogo kuliko msiba.

Kwa mwenye umeme, hita ya kawaida hugeuza uniti moja kuwa uniti moja ya joto, iwe ya mafuta, ya feni au ya waya mwekundu. Bei haibadilishi hesabu hiyo. Mwaka 1852 William Thomson wa Glasgow, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alieleza kwamba mashine ya kuhamisha joto ingeweza kupasha jengo kwa nishati ndogo sana kuliko kuchoma kuni moja kwa moja. Jumba la halmashauri la Zürich lilifungwa pampu ya namna hiyo mwaka 1938, likichota joto kwenye maji ya mto Limmat. Leo viyoyozi vingi vina kitufe cha kugeuza mzunguko, na vikigeuzwa hutoa uniti tatu za joto au zaidi kwa moja ya umeme.

Nani anaamua, nani analipa

Kama namba ziko wazi hivi, kwa nini bati tupu limeenea? Sehemu ya jibu ni kwamba anayeamua paa mara nyingi siye anayelipa Luku. Mwenye nyumba hujenga kwa gharama ndogo kabisa na kupangisha. Mpangaji hununua feni, kisha kiyoyozi, kisha uniti, na hawezi kuweka karatasi ya fedha juu ya kenchi ya mtu mwingine. Mpangaji anayekagua chumba aangalie juu kabla ya kuangalia vigae, na bei ya kodi ijadiliwe kwa kuzingatia dari. Halmashauri zinazopitisha michoro zingeweza kudai kinga ya paa kama zinavyodai choo na umbali wa mpaka. Kwenye shule na zahanati serikali haina kisingizio, kwa kuwa yenyewe ndiyo mjenzi na yenyewe ndiyo mlipaji, na watoto walioketi chini ya bati la nyuzijoto 65 ndio wanaotakiwa kufaulu hesabu saa saba mchana.

Wakati ulio nafuu kuliko wote ni ule kabla bati halijapigiliwa. Karatasi ya fedha hutandikwa kwa siku moja kenchi zikiwa wazi. Baada ya hapo ni kazi ya kubomoa dari. Upenu ukiongezwa sentimita 30 kwenye mchoro ni mstari wa penseli. Baada ya kuezeka ni paa jipya. Kama unajenga mwaka huu, mwite fundi wako wa paa wiki hii, mwonyeshe hesabu ya kilowati 3.4, na mkubaliane namna ya kuzizuia kabla ya msumari wa kwanza. Kiyoyozi, kama bado utakihitaji, kitakuwa kidogo, na utakinunua wakati wowote.